Kilomita Zilizobaki Ndani ya Klachi

Jumanne asubuhi, saa mbili kasoro, fundi aliweka karai chini ya injini, akafungua nati ya oili, akasubiri. Oili ilitoka nyeusi, nyepesi kama maji, ikinuka kuungua. Akang'oa kiki, akafungua boliti kumi na moja za kifuniko cha upande wa kulia, na kila aliyoitoa aliichomeka kwenye kipande cha boksi alichokichorea umbo la kifuniko kile, kila moja kwenye tundu lake. Boliti hizo hazilingani urefu, na fundi anayezichanganya hupasua injini ya watu halafu akasingizia kiwanda. Yeye hakuwa fundi wa namna hiyo. Alikuwa na kosa lake jingine, na hilo lilikuwa mumo humo ndani, linamsubiri.

Pikipiki ilikuwa mali ya benki ya damu. Ilikuwa na miaka kumi na tisa, tangi lake limepakwa rangi mara tatu, na nyuma ilibeba kisanduku cha barafu chenye alama nyekundu. Mwendeshaji wake, ambaye mji mzima ulimwita Chapuchapu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kilichogeuzwa benchi, helmeti mapajani. Jina hilo alipewa kwa masihara, kwa sababu ya pikipiki yenyewe. Alikuwa shemeji yake fundi, kaka wa marehemu mkewe. Kwa miaka minne wawili hawa walisalimiana vizuri na kuulizana habari za nyumbani, ila pikipiki hii haikukanyaga tena gereji hii. Mafundi wengine waliichezea kwa kukaza waya wa klachi, na Chapuchapu akawa anapewa safari za tambarare tu. Siku hiyo iliingia kwa sababu iligoma kabisa hapo barabarani, na mtu akisukuma kitu kizito hukiingiza palipo karibu.

Fundi alifungua springi sita zinazoibana klachi. Chini ya kila springi palikuwa na washa, kile kipete cha chuma ambacho kazi yake ni kukaa chini ya nati. Washa sita, zinang'aa. Hazimo kwenye kitabu cha kiwanda chochote. Huwekwa na fundi ambaye pleti, zile sahani nyembamba zinazoshikana ndani ya klachi, zimelika, mpya hana, na mwenye chombo anataka kuondoka: springi iliyochoka huinuliwa kidogo, ikabana, klachi ikashika kwa siku mbili tatu mpaka ikutane na mlima.

Chapuchapu aliokota moja, akaigeuza kiganjani.

"Hizi ni zako, shemeji?"

"Ni zangu."

"Uliziweka lini?"

"Jumamosi. Dada yako alilazwa Jumatatu."

Fomu ya kuomba pleti ilikuwa imepelekwa ofisi ya usafiri mara tatu, na mara tatu ilirudi na mwandiko uleule wa wino wa kijani: tumia kilichopo. Fundi akatumia kilichopo. Jumatatu ile mkewe alikuwa hospitali ndogo ya mlimani, mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na kupasuka, na daktari aliyemshughulikia alikuwa na kila kitu mkononi isipokuwa damu. Damu ilikuwa mgongoni mwa kaka yake, chini ya mlima, injini inanguruma na tairi limesimama.

"Ungekataa kuitengeneza, wangenipa baiskeli," Chapuchapu alisema. "Baiskeli ingefika."

Maneno yale yalimchoma fundi, na aliona ni haki yake kuchomwa. Alichukua ndoano aliyoitengeneza kwa spoku, akaanza kuvuta pleti moja moja. Ya kwanza ilikuwa imeliwa mpaka kwenye chuma. Ya pili ilikuwa imegeuka buluu kwa joto. Ya tatu na ya nne zilikuwa hivyo hivyo. Alipoitoa ya tano, barabara ilianza kutoka.

Ilikuwa barabara ya udongo mwekundu. Kwenye bakuli la klachi ilitokea na upana wa ulimi, na ilipogusa sakafu ikachukua upana wake wa kawaida, na mifereji yake, na nyasi za kando. Ilitoka taratibu, kama kitambaa kinachovutwa kwenye jora. Fundi alisogeza sanduku la spana lisifukiwe, akafungua na ubao wa pili wa mlango. Barabara ikapita, ikakata kulia, ikaenda zake.

Jambo lenyewe halina utata. Klachi ikiteleza, injini inazunguka na tairi haliendi. Mwendo umeshatengenezwa, haukutumika, na kitu kilichotengenezwa lazima kikae mahali.

"Nilikuwa najiuliza zinakwenda wapi," Chapuchapu alisema, na akanyanyua miguu ili ipite.

Saa tatu na nusu barabara ilikuwa imeshalizunguka duka la vifaa vya shule lililo jirani. Mwenye duka alitoka na daftari la kujipepea mkononi, akaitazama kwanza upande huu, kisha upande ule.

"Hii itapita hapa mpaka lini?"

"Mpaka iishe, mama," alisema fundi.

"Basi iwekeeni tuta. Sitaki watu wanipitie mlangoni kama wanafukuzwa."

Haikutoka tupu. Kila safari iliyokwama ilikuwa na mtu aliyekuwa akiisubiri, na watu hao walitoka pamoja na kipande chao, wamekaa pembeni ya barabara kwa ustaarabu, na vyeti vyao vya hospitali magotini. Chapuchapu aliwatambua mmoja mmoja. Huyu ni yule wa kiwanda cha mbao, aliyekatwa na msumeno. Hawa ni mtu na mkewe waliokuwa wakigombana chinichini kuhusu nani amesahau kadi nyumbani, na mpaka leo hawajapatana. Kila mmoja aliuliza saa, akaambiwa, akashukuru. Kwa kuwa kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza, vipande vya mwaka huu vilitangulia na kusukumwa mbali, vya mwaka jana vikafuata. Fundi alipiga hesabu hiyo kimoyomoyo. Alijua kipande cha mwisho kutoka kitakuwa cha nani.

Kilitoka saa sita na robo, kilomita mbili na kidogo, na baada yake bakuli likabaki tupu.

Walikwenda kwa miguu, fundi mbele, nusu anatembea nusu anakimbia, na mikono ya oili. Mkewe alikuwa mwisho wa kipande hicho, amekaa juu ya jiwe, shuka la hospitali begani, sindano ya dripu bado imebandikwa plasta kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa amepauka, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, kaka," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Umekonda."

"Kidogo."

"Kidogo cha nani? Hilo shati lilikuwa linakubana."

Fundi alipiga magoti pale barabarani akamshika mkono usio na sindano. Mkono ulikuwa wa baridi, na alifurahi hivyo hivyo, furaha inayotia kizunguzungu. Chapuchapu alisimama nyuma yao akiangalia viatu vyake.

"Damu iko wapi?" dada yake aliuliza.

"Nilifika," alisema. "Nilifika nikisukuma. Nilichelewa dakika arobaini."

"Hiyo ya kusukuma naijua. Mimi nasubiri ile ya kuendesha."

Walijaribu kumtoa barabarani. Alipovuka mfereji wa kushoto, alijikuta anatokea kulia. Alirudia mara ya pili, kisha akasema wanamchosha bure, akakaa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Klachi itengenezwe inavyotakiwa, damu itolewe, Chapuchapu apande kilomita zile mbili juu ya pikipiki bila kuteleza, afike. Akifika, mke wa fundi atatoka barabarani na kurudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia fundi hivyo. Alijua tu, kama alivyojua kwa vidole nati ipi imekaza na ipi inadanganya.

"Una haraka," mkewe alimwambia alipoinuka. "Nakujua. Utaziweka pleti kavu."

"Sitaziweka kavu."

"Ziloweke kutwa nzima."

Kwenye rafu ya juu fundi alikuwa na seti mpya ya pleti na springi, aliyoiweka kwa ajili ya pikipiki yake mwenyewe. Pleti mpya zikifungwa kavu huungua kabla ya kona ya pili, kwa hiyo hulazwa kwenye oili safi mpaka zishibe. Alizipanga kwenye sufuria pana, akamimina oili mpaka zikazama, kisha hakukalika. Alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alifagia. Alipima springi kuukuu, akazikuta zimefupika milimita mbili, akazipima tena. Alikwangua gasketi ya karatasi iliyogandia kwenye kifuniko kwa ukucha wa kidole gumba, ingawa kisu alikuwa nacho. Kila baada ya saa moja alitoka mbio kwenda kule kwenye jiwe kumwambia mkewe kwamba zimo kwenye oili, na mkewe akamwambia asirudi mpaka awe na neno jingine la kusema. Alirudi mara nne na neno lile lile.

Jumatano asubuhi alizifunga. Ya kushika, ya chuma, ya kushika, ya chuma, kila moja inadondosha oili. Springi sita mpya, bila kitu chini yake. Alizikaza kwa kuvuka, moja huku na mwenzake ng'ambo, kidogo kidogo, ili kibano kikae sawa. Akaweka gasketi mpya, akarudisha boliti kumi na moja kila moja kwake, na kiki mahali pake, akamimina oili mpya, akapiga kiki. Akaacha ulegevu wa unene wa sarafu kwenye mkono wa klachi, akaingiza gia, akaachia taratibu. Pikipiki iliondoka kabla hata hajaongeza mafuta. Alizunguka gereji mara moja, akashuka.

"Nenda," alimwambia shemeji yake. "Nenda sasa hivi."

Karani wa benki ya damu alikuwa mama mnene, mpole, mwenye miwani ya kamba. Alimsikiliza Chapuchapu mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliuliza jina la mgonjwa na tarehe, akashusha daftari la safari la mwaka ule, akalamba kidole, akafunua.

"Ipo," alisema. "Chupa tatu. Kuondoka saa nne na dakika kumi. Kufika saa nne na dakika arobaini na tano. Hali ya chombo: klachi mpya, nzuri. Imesainiwa."

Saini ilikuwa ya wino wa kijani.

"Haikufika saa hiyo, mama. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

"Hapa imefika."

"Na klachi haikuwa mpya. Imekuwa mpya leo."

Karani alifunua kurasa za nyuma, kisha za mbele, kwa haki kabisa. "Imebadilishwa mara nne," alisema. "Kila mwaka mara moja. Mwanangu, damu siwezi kuitoa mara mbili kwa safari moja iliyokamilika. Ungekuwa na safari ambayo haikukamilika ningekupa sasa hivi, friji hilo hapo, limejaa. Nenda kwa Mkuu wa Usafiri, akisahihisha mstari huu kwa mkono wake, rudi hata leo."

Mkuu wa Usafiri alikuwa na mkutano Jumatano na mkutano mwingine Alhamisi. Fundi hakuweza kungoja amekaa. Alhamisi alikwenda mwenyewe kwa karani, akakunja mkono wa shati, akasema atoe yake, kundi lao la damu ni moja. Karani alimtoa chupa moja kwa ufundi mkubwa, hakuumia hata chembe. Alimpa soda na biskuti nne, akaandika namba juu ya chupa, akaifungia kwenye friji.

"Sasa mnipe nimpelekee."

"Ya kwenda kwa nani?" aliuliza karani, na kalamu iko tayari. Fundi akamtaja. Karani akaiweka kalamu chini, akavua miwani, na ilionekana wazi kwamba anamhurumia. "Huyo alishapata, baba," alisema.

Ijumaa Mkuu wa Usafiri alifika gereji na vijana wawili wa vipimo. Alikuwa mtu nadhifu, hakukunja uso hata alipokanyaga oili. Aliitembelea barabara kwa gari lake mpaka mwisho na kurudi. Aliwasalimia waliokaa kando, wote, na wengine aliwauliza wanatoka sehemu gani. Alipofika kwa mke wa fundi alishuka, akampa pole, akamuuliza kama jua si kali mno. Kisha akarudi mlangoni kwa fundi, vijana wakamsomea kipimo.

"Kilomita hamsini na moja," alisema. "Imeshindiliwa vizuri. Mitaro ipo. Nani anaimiliki?"

"Hakuna, mzee. Imetoka kwenye pikipiki yenu."

"Basi ni ya ofisi." Akatoa kalamu yake, akaandika.

Chapuchapu alimwekea mbele nakala ya ule mstari wa daftari. Alikuwa ameunakili kwa mkono, kila neno. "Tunaomba usahihishe hapa tu, mzee. Saa ya kufika. Kalamu unayo."

Mkuu aliusoma. Hakukana saini yake. Aliinua macho akaitazama barabara inavyokwenda, na watu waliokaa pembeni yake, kushoto na kulia, mpaka pale walipoonekana wadogo kama kokoto.

"Nikisahihisha huu," alisema, "itabidi nisahihishe na yote mingine."

"Ndiyo, mzee."

"Unaona ni kazi kiasi gani."

Alisema hivyo bila hila, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini hawezi kuhamisha ghala zima kwa siku moja. Aliwapongeza kwa klachi, akaipiga pikipiki kiganja kwenye tangi. Kuhusu barabara, aliwaeleza, itaingia kwenye taarifa ya mwaka pamoja na nyingine zilizofunguliwa. Gari lake liliruka tuta la mwenye duka na kuondoka.

Fundi alibaki amesimama. Alitaka kumkimbilia yule mtu amkamate ukosi, alitaka kulia, alitaka kuchukua nyundo. Badala yake aliokota tambara akafuta mkono wa klachi, akaufuta tena, mpaka Chapuchapu alipomnyang'anya.

"Mimi nakwenda," Chapuchapu alisema.

"Na nini? Huna damu."

"Na barafu. Amesubiri miaka minne, shemeji. Angalau aone inapanda."

Alijaza kisanduku barafu, akakifunga kamba, akavaa helmeti. Alianzia pale mlangoni, kilipoanzia kipande kile. Mwenye duka jirani alitoka kuangalia. Pikipiki iliingia gia ya kwanza, ya pili, ikakata uwanja wa mpira, ikakutana na mwinuko, na mlio wa injini ukashuka vizuri, mzito, wa chombo kinachovuta. Fundi aliusikiliza kwa mwili mzima. Klachi haikuteleza hata mara moja. Dakika nne baadaye ulinyamaza, naye akawa tayari anakimbia kuelekea huko.

Alipofika, Chapuchapu alikuwa amekishusha kisanduku na kukifungua mbele ya dada yake. Walikuwa wanakitazama wote wawili. Dada mtu aliingiza mkono akapekua mpaka chini, akatoa kipande cha barafu, akakishika.

"Imepanda," alisema. "Nimeisikia tangu kule chini."

"Imepanda," alikubali kaka yake. Alifunga kisanduku, akakaa nao kitambo, kisha akaitwa kwenye simu. Kulikuwa na mgonjwa tambarare anayehitaji chupa mbili, na safari hiyo ilikuwa na fomu. Akaondoka kwa upole ili asiwatimulie vumbi.

Fundi alibaki. Alitembea hatua tatu huku, tatu kule, akarudi.

"Kaa basi," mkewe alisema. "Wamesemaje?"

"Wamesema ulishaipata."

"Mimi?"

"Chupa tatu. Saa nne na dakika arobaini na tano. Imeandikwa."

Aliwaza kidogo, barafu inamyeyukia kwenye vidole. "Ningekuwa nimevaa vizuri siku hiyo," alisema.

"Niliweka washa," fundi alisema. "Chini ya springi. Sita."

"Najua. Ulikuja nyumbani Jumamosi ile hukula." Alikausha mkono kwenye shuka. "Na hicho kitabu chao, kimeandika kwamba nilipona?"

"Hakijaandika."

"Kimeandika nini?"

"Hakifiki huko. Safu ya mwisho ni ya kufika."

Mkewe aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa maelezo ya kutosha. Kisha akasogea upande mmoja wa jiwe, fundi akakaa. Jiwe lilikuwa dogo kwa watu wawili, ikambidi amshike kiuno asije akaanguka.